Nani Kamjazia Gwladys Maji

Mimi sipendi treni. Niseme mapema, mtu asije akadhani nasimulia haya kwa mapenzi ya moshi. Nimekaa hapa Shropshire miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu Pangani, nimewauguza watu wa kijiji hiki mpaka nikastaafu, na hadi leo wananiita Sista dukani. Lakini kinachowafanya wazee wazima wapige magoti kwenye majani mabichi, wakiinamia injini yenye ukubwa wa mkate wa boflo, sijakielewa na sina haja tena ya kukielewa.

Basi habari yenyewe si ya treni. Ni ya Nesta Pugh, jirani yangu, ambaye tumetenganishwa na ua wa miti tu. Ukinikuta jikoni kwangu nikikohoa, Nesta ameshasikia na ameshauliza kama nimekunywa dawa.

Nesta alipikia watoto wa shule maisha yake yote. Masufuria makubwa, mvuke usoni, kelele. Mumewe, Hedley, alikuwa fundi wa mabasi. Waliponunua nyumba hii Nesta alitaka bustani ya viazi na maharage, na mawaridi kidogo mbele. Hedley akaomba pembe moja tu ya bustani, ya reli yake ndogo. Pembe moja! Mwaka uliofuata reli ikazunguka bwawa. Mwaka mwingine ikapita nyuma ya banda, ikajengewa daraja, viazi vikang'olewa. Nesta akabaki na mawaridi mawili, na hayo nayo Hedley aliyakata matawi kwa sababu yalikuwa yakiwapiga abiria. Abiria wenyewe ni vikaragosi vya bati.

Injini aliiunda mwenyewe bandani, majira ya baridi baada ya majira ya baridi. Ya kweli kabisa: ina tangi la maji, ina moto wa gesi chini yake, maji yakichemka mvuke unasukuma magurudumu. Akaiita Gwladys, jina la mama yake Nesta, kwa sababu, alisema, ikishaanza hainyamazi mpaka maji yaishe. Nikamwambia Nesta, "Shoga, wanawake wengine huletewa mke mwenza. Wewe umerudishiwa mama yako akiwa na magurudumu." Alicheka mpaka akashika mbavu. Siku hizo alikuwa bado anacheka.

Kila mwaka, Jumamosi moja ya mwezi wa sita, chama chao hukutana bustanini kwa Hedley. Wanakuja na masanduku yao ya mbao, kila mmoja na injini yake imeviringishwa taulo kama mtoto aliyeogeshwa. Mwenye bustani ndiye anayewasha moto wa kwanza. Asipowasha yeye, hakuna anayewasha. Na wana miiko yao. Mkubwa ni huu: injini ya mtu haiguswi. Hata ikianguka, unamwuliza mwenyewe "Niguse?" na unangoja mpaka akuambie "Iguse." Nilimwona kwa macho yangu mzee mmoja amesimama juu ya injini iliyopinduka ukingoni mwa bwawa, mikono nyuma, anampigia kelele mwenyewe aliyekuwa chooni. Hakuigusa ng'o. Ikaingia majini huku anaitazama.

Mwiko wa pili ni maji. Ukiweka gesi ukawasha bila maji tangini, tangi linaungua, viungo vinayeyuka, kazi ya miaka inakuwa chuma chakavu. Clem Hotchkiss, Mungu amrehemu, alifanya hivyo akiwa ameshazeeka. Hawakumgombeza. Mwaka uliofuata alikuta kando ya bwawa kiti cha kijani, blanketi juu yake, na Ivor Bebb akamwambia kwa upole, "Leo pumzika, Clem. Wewe tazama tu." Alitazama mpaka alipokufa. Kupewa kiti, ndivyo wanavyosema. Ivor ndiye mkaguzi wa matangi wa chama, na ni rafiki wa Hedley tangu wakiwa vijana wa karakana. Kiti kile bado kipo bandani kwa Hedley, na kila mwaka hutolewa nje, na kila mwaka hakuna anayekikalia.

Sasa, Hedley akaanza kusahau.

Mwanzoni vitu vidogo. Miwani kwenye friji. Kisha akatoka kununua gazeti akarudishwa na mwenye duka. Mimi nimeuguza wazee, nilijua nilichokiona, na Nesta alijua kwamba nimejua. Alinivuta jikoni akafunga mlango. "Usimwambie mtu, Saumu."

Nikamwambia, "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Acha kimuumbue. Lakini si mbele ya Ivor na wenzake."

"Ivor ni rafiki yake!"

"Ivor ndiye aliyempa Clem kiti," akasema.

Msimwone Nesta mjinga. Hedley siku za kawaida alikuwa akizunguka nyumba usiku kucha, anafungua milango, anatafuta basi la kwenda kutengeneza. Nesta naye nyuma yake na kanzu ya kulalia, anafunga. Lakini siku aliyowasha Gwladys, mikono yake ilikumbuka kila kitu chenyewe, akatembea kando ya injini yake mzunguko baada ya mzunguko, na jioni akala, akalala kama mtu. "Akiwasha Gwladys, na mimi nalala," Nesta aliniambia. "Wakimpa kiti, Saumu, sisi wawili tumekwisha." Macho yake yalikuwa yameingia ndani kiasi kwamba nilishindwa kuyatazama.

Na kitu kimoja kilikuwa kikimtia nguvu. Jina langu Hedley alilipoteza mapema. La Ivor lilikuwa likienda na kurudi. La mkewe, hata siku moja. Kila jioni Nesta aliniambia juu ya ua, akianua nguo, "Mimi bado ananijua." Kama mtu anayekagua mlango kabla ya kulala. Nami namjibu, "Alhamdulillahi, shoga, anakujua."

Basi Jumamosi ikafika, na mvua ya rasharasha juu yake, ile ya hapa isiyonyesha wala isiyoacha. Nilivuka mapema kwenda kusaidia. Nikamkuta Nesta bandani amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, aproni imechafuka mafuta, Gwladys mapajani.

"Nimeshamtia mafuta na maji," akasema. "Yeye akija nitamwambia, umeshajaza, bwana, washa tu."

"Lakini moto wa kwanza ukiisha? Si atataka kujaza tena?"

Akatoa mfukoni mwa aproni kichupa cha plastiki chenye mpira mwembamba mdomoni. "Nikimwona amesimamisha, natoka na sinia la chai. Naliweka juu ya ukuta mfupi, namwuliza kuhusu sukari, na huku mkono wa pili unajaza. Ndivyo nilivyofanya mwaka jana. Hakuna aliyeona."

"Na mwiko wao? Injini ya mtu haiguswi?"

"Mimi ndiye niliyeng'olewa viazi," akasema Nesta. "Nitagusa." Akajaribu kuinuka, magoti yakakataa, nikamshika kwapani nikamnyanyua. Alikuwa mwepesi. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Wakaja. Kofia, makoti ya mvua, masanduku. Ivor, mrefu, pua nyekundu, akanipigia saluti. "Sista! Bado hujanunua injini?"

"Nitanunua siku utakayojifunza kuosha kikombe."

"Mwe! Mwanamke huyu ana ulimi."

"Na wewe una mikono, lakini jikoni hatujawahi kuiona." Wenzake wakacheka. Nilikuwa nasema kweli tupu. Tangu reli ile ijengwe, hakuna mwanamume wa chama kile aliyeingia jikoni kwa Nesta ila kuuliza kama skonzi zimebaki.

Hedley akatoka amevaa koti lake la karakana, amenyolewa vizuri. Nesta alikuwa amemnyoa. Akapeana mikono na kila mtu, akimwita kila mtu "bwana mkubwa", na kila mtu akafurahi. Nesta akamwambia, "Umeshajaza, bwana. Washa tu." Akapiga goti, akashusha kile kiberiti cha shingo ndefu mdomoni mwa bomba la moshi, ndiko gesi inakoshikia. Moto ukashika. Baada ya muda Gwladys akaanza kutoa mvuke, akajitikisa, akaondoka na mabehewa yake. Wazee wakapiga makofi. Hedley akamfuata kwa miguu, mikono nyuma, anaongea naye. Nilimtazama Nesta nikaona mabega yake yameshuka kidogo.

"Nenda kakae jikoni," nikamwambia. "Mikate na matango nitakata mimi. Akisimama nitakuita."

Hapo ndipo nilipoharibu. Nesta aliketi mezani, akaegemeza shavu kwenye mkono, na kabla sijamaliza tango la pili alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, kisu mkononi. Nikakitoa taratibu. Nikasema, Yarabi, mwache dakika hizi. Nikachukua sinia nikatoka nalo mwenyewe.

Gwladys alikuwa amesimama. Gesi imekwisha, kama kawaida yao: gesi hupimwa iishe kabla ya maji, ili tangi lisikauke. Maji yanayobaki ni ya kulowesha tu. Hedley alikuwa ameshapiga goti, ameshajaza gesi mpya, anatafuta kiberiti mifukoni. Hakugusa maji. Mimi na sinia langu tuko mbali, kule mlangoni, na kichupa kiko mfukoni mwa mtu aliyelala.

Nikamwona Ivor. Akamwinamia mwenzake akamwambia, "Hebu tazama daraja lako, Hedley, si limeinama upande?" Hedley akageuza kichwa kutazama daraja. Na mkono wa Ivor, mkono wa mkaguzi wa matangi, ukaenda polepole juu ya Gwladys na kichupa cha plastiki chenye mpira mdomoni.

"Ivor Bebb! Ondoa mkono wako!"

Nesta alikuwa nyuma yangu. Nywele zimesimama upande mmoja, alama ya vidole shavuni. Alinipita nusura animwagie chai.

Injini ya Ivor mwenyewe iliendelea kuzunguka peke yake kwenye reli ya pili, inapiga filimbi, hakuna aliyeitazama.

"Nesta, tulia, mimi nilikuwa tu..."

"Ulikuwa nini? Mnakula skonzi zangu tangu nywele zenu nyeusi. Mnakunywa chai yangu. Halafu mwenzako akigeuza kisogo unamgusia injini yake, nyumbani kwake? Kwa kuwa mnamwona hajiwezi?"

Neno likatoka. Alijishika mdomo, lakini limeshatoka. Ivor alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na nikaona kwamba ana la kujitetea na hatalisema.

Hedley akauliza, taratibu, "Nimesahau maji?"

"Hujasahau," akasema Nesta. "Nimejaza mimi."

"Hujasahau," akasema Ivor papo hapo. "Namwongezea kidogo tu."

Hedley alitazama kichupa mkononi mwa Ivor. Kisha akatazama aproni ya mkewe, pale mpira mwembamba ulipochungulia mfukoni. Siku zile macho yake yalikuwa na ukungu muda mwingi, lakini wakati ule yalikuwa ya fundi wa mabasi. "Kumbe viko viwili," akasema.

Nesta akamgeukia Ivor. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Alikuja kwangu na Gwladys akamtia gesi tupu. Nikamwambia mwenzetu mmoja, naye akamwambia mwingine. Tunapeana zamu. Leo ilikuwa yangu."

"Mna zamu?"

"Nesta..."

"Mna *zamu*?" Akamsogelea Ivor. "Mimi naamka kabla ya jogoo. Nasema uongo kwenye simu. Nikiwaona sokoni nampitisha mlango wa nyuma, mzee wa watu, namkimbiza kama mwizi. Usiku sijui godoro lina upande gani. Na ninyi mmejipangia zamu, mnakuja kula keki! Hakuna hata mmoja aliyevuka barabara akaniambia, Nesta, tunajua, kalale?"

"Tuliogopa," Ivor akasema. "Tulisema, Nesta akijua kwamba tunajua, atamfungia ndani, hatutamwona tena."

"Na mimi niliogopa mkijua mtampa kile kiti!"

Sote tukakitazama kiti cha kijani, kiko pale kando ya bwawa kimelowa. Ivor akasema, "Hedley simpi kiti mimi. Nitakuja kujaza mpaka mikono yangu nayo isahau." Nesta akalia basi, kwa hasira, anajifuta kwa aproni ya mafuta mpaka uso ukawa mweusi. Mimi nimesimama na sinia kama sanamu. Ningewapiga wote wawili na lile sinia, wallahi, na kisha ningewakumbatia.

Hedley ndiye aliyemaliza. Akaokota kiberiti kwenye majani. "Asiyejua kama ana maji hawashi moto," akasema. "Mwiko huo niliuweka mimi mwenyewe." Akatembea mpaka kwa mkewe, akamnyooshea. "Nesta. Iguse."

"Mimi sijui kuwasha, Hedley."

"Kujaza umejua, kuwasha kukushinde? Iguse. Mbele ya watu hawa nasema. Ni yako na yangu."

Nesta akapiga goti kwenye tope, akatoa kichupa chake, akajaza maji watu wakiona, kisha akashusha kiberiti. Mara ya kwanza moto ulikataa, akatukana kidogo. Mara ya pili ukashika, ukaanza kunguruma chini ya tangi. Wakangoja wote, mvua inatonatona kwenye kofia zao. Mvuke ulipokuwa wa kutosha, Hedley akamwonyesha kwa kidole kijiti cha kufungulia mvuke. Akakisukuma. Gwladys akaondoka, na Hedley akamfuata, mikono nyuma.

Nikamsaidia Nesta kuinuka. Akapiga hatua chache akaketi kwenye kiti cha kwanza alichokikuta, na kiti hicho kilikuwa kile cha kijani, na maji yake yote. Aliegemeza kichwa nyuma, akafumba macho, na nikaona wazee wale, mmoja mmoja, wanaona alipokaa na wanatazama kando.

Gwladys akapita daraja, akazunguka banda, akarudi. Hedley akaja naye mpaka usawa wa bwawa, kisha akasimama. Akamtazama mwanamke aliyekaa kwenye kiti, uso una mafuta meusi, aproni chafu. Akamwinamia kwa adabu, vile alivyokuwa akiwainamia wageni.

"Umechoka, mama."

Nesta akafumbua macho. "Nimechoka, Hedley."

"Usiinuke, kaa tu. Mke wangu yuko ndani, anakuja na chai sasa hivi." Akampiga kidogo begani. "Chai yake ni nzuri sana."

Akaenda zake, anamkimbilia Gwladys.

Nilikuwa karibu. Nilisikia kila neno, na Ivor naye alisikia. Nesta alikuwa akiutazama mgongo wa mumewe ukienda, lile koti la karakana alilolipiga pasi asubuhi.

"Haya," akasema mwishowe. "Ngoja na mimi nimsubiri huyo mkewe."

Ivor akajifuta mikono kwenye suruali. Akaninyang'anya sinia, akaingia jikoni. Tukamsikia kule akifungua kabati hili na lile akitafuta sukari, akiangusha vijiko. Alikaa muda mrefu. Alipotoka alikuwa na kikombe kimoja, amekijaza mno, anatembea kwa hatua ndogo ili chai isimwagike. Ilikuwa chai mbovu, nyeupe kwa maziwa, majani hayajakolea. Nesta akaipokea kwa mikono miwili, akainywa yote.